Natamani Kuongeza Pikipiki Nyingine: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye pikipiki inayowaka vizuri kila asubuhi, lakini roho yake iko kwa nyingine: Vespa iliyoegeshwa uani kwa jirani, Yamaha ya mkoani yenye keria mbele na nyuma, Honda hamsini ya babu. Mifano mingi ni ya Tanzania, kwa sababu ndiko ninakozijua pikipiki hizi, ila msomaji wa Kenya au Uganda naye atazikuta zile anazozifahamu.

Ninayo pikipiki nzima, inanitosha. Kwa nini basi bado natamani nyingine?

Ile ya kwanza uliinunua kwa hesabu. Uliuliza inakula mafuta kiasi gani, spea zake zinauzwa wapi, ukawasikiliza wenzako kijiweni, ukalipa. Hii ya sasa mara nyingi unaitamani kwa sababu ya mtu. Ukimsikiliza vizuri anayeuliza swali hili, baada ya dakika chache anakuwa anazungumzia baba aliyekuwa bwana shamba, mwalimu mkuu ambaye mlio wa pikipiki yake ulisikika kabla hajaonekana na darasa zima likanyamaza, au mjomba aliyekuwa akimpakia mbele, juu ya tenki, mikono ikishika katikati ya usukani.

Mtaje mtu huyo kabla hujashika fedha. Ukishamjua, utajua pia unatafuta pikipiki ipi hasa, na pengine utagundua kwamba unachotaka ni kwenda kumsalimia.

Ipo tamaa nyingine ambayo haina mtu ndani yake. Umeona picha, bei iko chini, muuzaji anasema anasafiri kesho. Hiyo iache ilale wiki mbili. Ikiwa pikipiki imeuzwa, hukupoteza kitu ulichokuwa ukikihitaji.

Huku kwetu pikipiki za zamani ni zipi?

Nianze na Vespa, maana Unguja bila Vespa siijui. Kampuni ya Piaggio ya Italia iliitoa mwaka 1946, na aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege. Ndiyo maana haina fremu ya mabomba kama pikipiki nyingine. Bodi yenyewe ya bati ndiyo inayobeba kila kitu. Gia unabadilisha kwa mkono wa kushoto kwenye usukani, na nguo ya mpanda Vespa haiguswi na grisi wala matope, jambo lililowafaa sana watu wa kanzu na buibui. Inayotafutwa zaidi leo ni PX, iliyoanza mwaka 1977. Pembeni yake yuko ndugu yake wa India, Bajaj Chetak, aliyeanza kutengenezwa mwaka 1972 kwa ramani ya Vespa.

Bara kuna hadithi nyingine. Huko pikipiki ya kumbukumbu ni ile ya kazi: Yamaha AG100 na DT, Suzuki TF125, Honda XL. Zilikuja na miradi ya kilimo, hospitali za misheni, parokia na idara za afya. AG100 ilitengenezwa kwa ajili ya shamba: mnyororo umefunikwa wote usile vumbi, keria ni za chuma nene, stendi ziko pande zote mbili ili uiegeshe hata kwenye mteremko. Chanjo ngapi zilifika vijijini juu ya keria hizo, hakuna aliyezihesabu. Mimi pikipiki hizi naziheshimu kuliko zozote zile.

Kisha kuna Honda ndogo, ile isiyo na klachi ya mkononi. Ilianza Japani mwaka 1958 kwa jina la Super Cub, na kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Hakuna chombo kingine cha injini duniani kilichotengenezwa kwa wingi huo. Walimu wengi, mashekhe na wachungaji wa zamani walianzia hapo.

Baba aliacha Yamaha, imelala stoo miaka mingi. Niifufue hiyo, au ninunue inayotembea?

Ifufue ya baba. Hapa sina uvuguvugu. Inayotembea ya mtu mwingine utaipata mwaka wowote, lakini ile yenye mkwaruzo uliouona ulipotokea haipatikani sokoni.

Lakini fanya kwa utaratibu, maana pikipiki nyingi huuawa siku ya kufufuliwa. Mtu anatia petroli, anasukuma, inawaka, watu wanashangilia, na baada ya kilomita chache pistoni inashika. Sababu yake ni hii: kwenye injini za stroki mbili, zile zinazokula petroli iliyochanganywa na oili, kuna sili za mpira pande mbili za kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Zikikaa bila kazi miaka mingi mpira unakauka na kugeuka mgumu. Injini inaanza kuvuta hewa mahali isipopaswa, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo mno, joto linapanda, pistoni inatanuka na kukwama ndani ya silinda.

Kwa hiyo, kabla ya kuiwasha, toa plagi, mimina oili kidogo kwenye tundu lake, iache siku moja, kisha uizungushe injini taratibu kwa mkono. Fungua kabureta uisafishe. Petroli ya zamani huacha utando kama gundi unaoziba vitundu vidogo. Tazama ndani ya tenki kwa tochi. Kama kuna kutu nyepesi, siki ya kawaida ikikaa humo siku mbili tatu inaiondoa. Suuza kwa maji, kausha kabisa, halafu tia petroli papo hapo kabla kutu haijarudi. Badilisha sili za kranki hata kama zinaonekana nzima. Tairi na tyubu za enzi hizo usizitumie, hata kama kashata zake hazijalika.

Yamaha nyingi za aina hii zina tangi dogo la oili na pampu inayoipeleka yenyewe kwenye injini, teknolojia ambayo kampuni hiyo ilianza nayo mwaka 1964. Pampu iliyolala muda mrefu usiiamini. Kwa tenki la kwanza changanya oili kwenye petroli kwa mkono, na wakati huohuo angalia kama kiwango cha oili kwenye tangi lake kinashuka. Kisiposhuka, pampu haifanyi kazi.

Ikishatengemaa, kama mwenye nayo yu hai, mpelekee aipige kiki yeye kwanza.

Spea zinapatikana?

Kwa Vespa PX, ndiyo, kuliko watu wanavyodhani. Kiwanda cha LML cha India kilitengeneza pikipiki za muundo uleule kwa miaka mingi, kwa hiyo vitu vingi vinaingiliana, na vya Chetak vinaingia kwenye Vespa za kabla ya PX. Ringi, pistoni, nyaya za klachi na gia, breki shuu, raba za injini, vyote hivyo bado vinatengenezwa.

Kwa Honda ndogo, vivyo hivyo. Pikipiki iliyotengenezwa kwa mamilioni haiwezi kukosa gasketi.

Ugumu uko kwenye vitu vya nje: kava la pembeni la plastiki la DT, kioo cha spidomita, nembo ya tenki, taa ya nyuma yenye umbo lake, tangi la oili la AG. Injini yote unaweza kuijenga upya na bado ukatafuta kava moja mwaka mzima. Kwa hiyo ukikuta pikipiki mbili bei moja, moja injini nzima lakini haina makava, nyingine injini imekufa lakini kila kitu cha mwilini kipo, chukua ya pili.

Jambo la kufanya kabla ya kununua: andika kwenye karatasi vitu vinavyokosekana, nenda nayo madukani, Kariakoo kama uko Dar es Salaam, Kirinyaga Road kama uko Nairobi, uulize kimoja kimoja. Chukua sampuli ya kipuri cha zamani kila inapowezekana, kwa sababu "hii inaingia" ya muuza duka na kuingia kwenyewe si kitu kimoja.

Nikienda kuikagua, nitazame nini?

Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kuiona ikiwa baridi. Ukifika, gusa injini. Ikiwa ya moto, ameiwasha kabla hujaja, na kuna sababu. Rudi siku nyingine.

Kwa Vespa, weka macho chini. Inua raba ya sakafuni, pale miguu inapokaa, na ubonyeze bati kwa kidole gumba. Hewa ya bahari na maji ya mvua hukusanyika hapo, na rangi mpya inaweza kufunika bati lililooza. Lala chini utazame sakafu kwa upande wa chini, hasa kwenye maungio na pale pedali ya breki ilipofungwa. Kwa kuwa bodi ndiyo fremu, sakafu iliyooza si suala la urembo. Ni usalama wako. Ukikuta vipande vya bati vimechomelewa juu kwa juu bila la zamani kukatwa, iache.

Kwa Yamaha, Suzuki na Honda za vijijini, tazama mahali keria zilipoungana na fremu. Zimebeba magunia ya mahindi, matangi ya maziwa na wagonjwa, na fremu hupasuka hapo. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, bushi za swingiamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, zimekwisha.

Mengine ni ya kawaida. Piga kiki kwa mkono badala ya mguu, uone kama injini inagoma kidogo. Ikizunguka laini kama haina kitu ndani, msukumo wa hewa umekwisha. Tairi zina tarehe ubavuni, tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Moshi mwepesi wa buluu kwenye stroki mbili ni wa kawaida, lakini kwenye stroki nne, zile zisizochanganya oili na petroli, kama Honda CG au XL, moshi huo unakuambia ringi au sili za valvu zimechoka.

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, na umlipe siku yake hata kama hukununua.

Muuzaji anasema kadi ilipotea, lakini bei ni nzuri sana.

Usinunue. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi ya usajili, au lojibuku kwa Kenya, wewe mwenyewe kwa macho yako. Ikiwa mwenye jina kwenye kadi amefariki, warithi ndio wenye haki ya kuuza, na karatasi za mirathi ziwepo. Anayedai kadi ilipotea aende kwanza TRA (mamlaka ya mapato Tanzania), au NTSA (mamlaka ya usafiri) kwa Kenya, apate nyingine kwa jina lake. Zanzibar ina usajili wake peke yake. Akikataa kwenda, umeshapata jibu.

Kuwa na mbili kunaongeza gharama gani za lazima?

Tanzania Bara, ada ya mwaka ya leseni ya chombo cha moto iliondolewa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo pikipiki iliyolala haikudai hiyo. Bima inabaki: kila inayotoka barabarani iwe walau na bima ndogo. Angalia pia leseni yako. Daraja la A1 ni la pikipiki isiyozidi sisi 125. Ukinunua kubwa zaidi unahitaji A.

Fedha ya kununulia ndiyo ndogo. Ushauri wangu ni kwamba ukiwa na kiasi fulani mkononi, pikipiki ikumalize nusu yake tu. Nusu ya pili itaisha ndani ya mwaka wa kwanza kwa tairi, nyaya, sili, betri na fundi. Mwenye kutoa fedha yote siku ya kununua ndiye yule ambaye pikipiki yake ya ndoto inageuka kuwa banda la kuku.

Naweza kuitumia kila siku kwenda kazini?

CG au Honda ndogo, ndiyo. Vespa mjini, ndiyo, ukikubali tairi ndogo za inchi 10 kwenye mashimo na breki za ngoma ambazo zinataka uanze kushika mapema. Barabara kuu yenye mabasi na malori, hapana. Taa za volti sita za pikipiki kuukuu hazitoshi usiku, wala dereva wa basi hategemei kukuta chombo cha kasi ndogo mbele yake kwenye giza.

Je, niiweke kwenye bodaboda ijilipe yenyewe?

Hapana. Bodaboda inafanya kazi mchana na usiku, inabeba watatu na mzigo, na anayeiendesha ana hesabu ya kupeleka jioni. Pikipiki uliyoinunua kwa mapenzi utaipokea ikiwa imekufa, utagombana na kijana ambaye hakukosa kitu, na wote wawili mtakuwa mmeumia. Kazi hiyo iachiwe Boxer na TVS.

Oili ninachanganya kiasi gani?

Kwa Vespa PX na nyingi za wakati huo ni asilimia mbili: mililita 20 kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 100 kwa lita tano. Vespa za miaka ya 1950 zilitaka asilimia tano. Tumia oili ya stroki mbili (2T), si ya gari, na uchanganye kwenye kidumu ukitikise kabla ya kumimina tenkini. Kuzidisha "kwa usalama" kunachafua plagi na kuziba eksozi, kupunguza kunaua.

Mwenzangu nyumbani nimwambieje?

Kabla, na kwa bei ya kweli. Kuna watu wanaiacha pikipiki gereji ya rafiki miezi kadhaa wakingoja siku nzuri ya kusema. Siku hiyo haiji, na mama watoto au baba watoto anaambiwa na jirani. Kinachoumiza hapo kinakuwa siri, wala si pikipiki tena.

Kaeni na orodha ya mwaka: ada za shule, kodi, michango, marejesho ya VICOBA au chama. Pikipiki ya kumbukumbu ikae mwisho wa orodha. Ikikosa nafasi mwaka huu, itafutwe mwaka ujao. Na kama ile ya kwanza ndiyo inayoleta unga nyumbani, tairi na cheni yake zitangulie daima kabla ya nembo ya Vespa. Msimu ambao pikipiki ya kazi inaendeshwa na breki zilizokwisha kwa sababu fedha imeliwa na ya mapenzi, kuna mtu ataumia.

Nipake rangi mpya, niweke taa za kisasa?

Kwanza ioshe vizuri na uipige nta. Rangi iliyopauka lakini ya kiwandani ina thamani kuliko mpya inayong'aa, na maandishi ya mradi au ya hospitali kwenye tenki ni historia, usiyakwangue. Nyaya za umeme, breki na tairi badilisha bila huruma, kwa sababu hizo zinalinda maisha. Vya zamani vyote unavyovitoa vitie kwenye boksi, uandike kila kimoja ni cha wapi.

Nina tatu tayari. Nitajuaje kwamba nimezidisha?

Kuna dalili moja ninayoiamini: kuna pikipiki ambayo umeshindwa kuiwasha mwezi mzima na hukuhuzunika. Hiyo inastahili mtu mwingine. Iuze ikiwa bado inatembea, na kadi yake, na boksi lake la vipuri, kwa mtu atakayeipanda. Pikipiki nzuri kuozea nyuma ya nyumba, wakati kuna kijana anaitafuta aina hiyo kwa machozi, ni jambo linaloniuma.

Na hizi bodaboda za leo, zitakuja kukumbukwa?

Zitakumbukwa, na zitakuwa adimu, kwa sababu tunazitumia mpaka hakuna kinachobaki.

Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125. Wahandisi wake walikuwa wameona jinsi pikipiki zilivyokuwa zikitumika katika nchi zisizo na gereji nyingi: mzigo mzito, vumbi, oili isiyobadilishwa. Badala ya kuweka shafti ya valvu juu ya kichwa cha injini, ambako ikikosa oili inakufa haraka, waliiweka chini na kusukuma valvu kwa fito mbili. Silinda ilikuwa na kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni milimita 49.5. Injini hiyo ikatengenezwa Brazili na Pakistani, kisha viwanda vingi vya China vikaiiga, vikapanua silinda hadi milimita 62 na kupata sisi 150 kwa mwendo uleule. Sehemu kubwa ya pikipiki za Kichina zilizojaza vijiwe vyetu tangu miaka ya 2000 zinabeba uzao wa injini hiyo.

Pikipiki hizo zimesomesha watoto na kuwafikisha wajawazito hospitali usiku wa manane. Ukipata moja ambayo bado ina makava yake, stika zake na siti ya kiwandani, na ukiwa na nafasi, inunue uitunze. Bei yake leo ni ndogo kuliko ya Vespa yoyote, spea ziko kila kona, na baada ya miaka 20 kuna mtoto wa dereva atakayetafuta mlio ule.

Masika imefika na hii ya pili sitaitoa. Niihifadhije?

Jaza tenki mpaka juu ili hewa yenye unyevu isipate nafasi ya kuweka kutu. Funga koki ya mafuta, iache injini iendelee mpaka ikate yenyewe, petroli iishe kabureta. Pandisha kwenye stendi ya katikati au matofali, tairi zisikandamizwe sehemu moja. Toa betri uiweke ndani. Ifunike kwa shuka au kitambaa kinachopitisha hewa; turubai la plastiki huzuia mvua lakini hufungia jasho la chuma chini yake, na Vespa iliyofunikwa hivyo pwani inaota kutu haraka. Kila wiki mbili ishushe, tia gia namba mbili, uisukume hatua kadhaa mbele na nyuma ili pistoni isikae mahali pamoja, kisha irudishe gia huru.